Mtu wa Tisa Chini ya Mlima Ngozi

Kwenye kioo kikubwa cha hema la uokoaji, Mlima Ngozi ulikuwa umefunguka. Miamba ilionekana ya kijivu, maji ya moto yaliyokuwa yakipanda yalionekana mekundu, na katikati kabisa, mita mia sita chini ya buti za waokoaji, kulikuwa na mwanga wa manjano uliovimba kidogo na kunywea, ukavimba tena na kunywea. Zilikuwa pumzi za watu.

"Wako hai," alisema Kamanda Rweikiza wa Zimamoto na Uokoaji. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chai. "Daktari Sekela, wako hai!"

Hema zima lililipuka kwa vifijo. Mtu alimkumbatia Sekela kwa nyuma, mwingine akampiga bega mpaka miwani ikamshuka puani. Sekela Mwaisumo aliipandisha miwani na kuruhusu machozi yatoke, maana hakuona sababu ya kuyazuia. Mashine iliyokuwa ikiangaza pale mezani ilikuwa yake. Aliiwaza, akaibuni, akagombana na watu kwa ajili yake, na siku hiyo ilikuwa imeona ndani ya mlima.

Aliiita kionamwamba. Mbeya ya wakati huo iliishi kwa jotoardhi. Mvuke wa Ngozi ndio uliowasha taa za Soweto na Mwanjelwa, ndio uliovuta treni zisizo na magurudumu kupanda Mlima Loleza. Mahandaki yalichimbwa na roboti, lakini roboti hazikuwahi kujifunza kunusa bomba linalotaka kupasuka, na kwa hiyo kila zamu ilikuwa na watu wake. Asubuhi hiyo tetemeko lilikuwa limepita, dogo tu, la kumwaga chai kwenye sosa. Likaziba handaki kuu, na zamu ya watu tisa ikabaki ndani bila simu wala njia.

Droni zilimwaga visikizi juu ya mlima kama mtu anayepanda ulezi. Kila kisikizi, kidogo kama kifungo cha shati, kilishika mitetemo ya ardhi, hata ile ya pumzi na ya moyo unaodunda ndani ya mwamba. Kutoka kwa watu kwenda kwenye visikizi hesabu ni nyepesi. Mioyo miwili hutoa mtetemo wa mioyo miwili, moyo ukiwa mbali mtetemo hufifia, na yote hujumlishwa. Wanahisabati huiita milinganyo ya mstari, na mwanafunzi mzuri wa sekondari huiweza.

Kasheshe ni kurudi. Hebu onja mchuzi uliopikwa na watu kumi, kisha useme kila mmoja alitia chumvi kiasi gani. Chumvi yote imeshachanganyika. Ukikosea hata kidogo kwenye ulimi, jibu lako litasema mpishi mmoja alitia gunia zima na mwingine aliichota chumvi akaondoka nayo. Tatizo la namna hiyo halitulii. Kelele ndogo kama mvua inayodondoka juu ya visikizi hukuzwa mara maelfu, na kioo huonyesha umati wa watu mahali ambapo hata panya hayupo.

Dawa aliyoileta Sekela aliiita kitulizo. Ni kipande kinachoongezwa kwenye mlinganyo ili kuupa sharti: tafuta jibu linalopatana na visikizi, lakini kila linaporukaruka lipewe adhabu. Kitulizo chake kilipendelea jibu laini, lisilobadilika ghafla kutoka hatua moja hadi nyingine. Akili unde ya kituo, waliyoizoea kwa jina la Hesabu, ilikipima kitulizo hicho kwa mazoezi mengi ya uokoaji na ikakisifu kwa namna yake ya ukavu. Katika hatari watu hujikusanya. Kitulizo laini kiliwaonyesha wakiwa wamejikusanya, na kila mara walikutwa hivyo.

"Mwanga uko ukumbi wa pampu," Hesabu ilisema kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Nguvu yake inalingana na watu wanane hadi kumi. Handaki la tawi halina mtu. Mvuke unapita kwenye tawi na utafika ukumbini. Inashauriwa kuliziba tawi."

Mpango ulijulikana. Bomba refu lingemimina povusaruji, ujiuji unaovimba na kukauka mara moja, mpaka tawi lote lijae. Mvuke ungekosa pa kupita. Kisha fuko wa chuma, roboti mchimbaji aliyekwisha kukaribia ukumbi, angetoboa ukuta na kuwatoa watu kwa utulivu.

"Andaeni bomba," aliamuru Kamanda. "Daktari, nenda kawape ndugu zao habari. Hiyo ni haki yako."

Sekela alitoka nje akitembea kama mtu aliyeshinda kura. Kulikuwa na manyunyu na ukungu wa Ngozi, ule unaoingia mpaka kwenye mifupa. Ndugu walisimama nyuma ya kamba wamejifunika mablanketi. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa Lwitiko Mwakibinga, fundi mabomba wa zamu ya pili, ambaye mkewe na baba yake wote walikuwa chini.

"Wako hai!" Sekela alipaza sauti. "Wote wako hai, wako pamoja ukumbi wa pampu!"

Wanawake walipiga vigelegele. Lwitiko alikaa chini kwenye matope, akajifuta uso kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Ndaga fijo, dada," alisema. "Ndaga, asante sana. Mungu akubariki." Akaendelea kucheka. "Baba na Tumpe ukumbi mmoja! Leo mambo yamekuwa mambo. Sijui nani amempa nani mgongo."

Watu waliomzunguka nao walicheka. Sekela alicheka nao, na kicheko kikamwishia njiani.

Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa Tukuyu. Alikuwa daktari wa hisabati, amehutubia mikutano Nairobi na Kairo, na kila alipokwenda ukweni alizunguka nyuma ya migomba ikiwa baba mkwe wake amekaa uani. Mke wa mtoto wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, hamtaji kwa jina. Vijana wengi walikuwa wameshaacha. Lakini wanaoshika, wanashika kwelikweli.

"Kaka Lwitiko," aliuliza, "kazini wanafanyaje?"

"Nani?"

"Baba na mkeo. Zamu moja, handaki moja, wanafanyaje?"

"Ah, wenzao wamezoea. Baba akipita, aliye mbele anaita 'Mkwe!', Tumpe anageukia ukutani, baba anapita. Wakati wa kula baba na wenzake hukaa ukumbini, yeye hula kule tawini. Walimtania, wakachoka." Aliinua macho, akaona uso wa Sekela. Kicheko kikamkauka. "Dada, kuna nini?"

Sekela alikuwa ameshageuka, anakimbia. Aliteleza kwenye matope, akaanguka kwa goti, akainuka na kuendelea.

"Afande, simamisha bomba!" alisema akiingia hemani.

Kamanda aligeuka taratibu. "Kwa nini?"

"Kuna mtu tawini. Tumpe Mwakibinga. Baba mkwe wake yuko ukumbini, hawezi kukaa naye."

Kamanda alimtazama kana kwamba amesikia lugha ngeni. "Daktari, mlima umewaangukia. Maji ya moto yanapanda. Katika hali hiyo nani anakumbuka ukwe?"

"Yeye anakumbuka."

"Unajuaje?"

"Ningekuwa mimi, ningekumbuka." Alijishangaa kusikia maneno hayo, lakini yalikuwa kweli.

"Mashine yako mwenyewe inasema tawi tupu!"

"Mashine yangu inasema nilichoiambia iseme, afande. Nimeiambia watu hujikusanya. Mtu mmoja aliyekaa mbali na wenzake, kwa kitulizo changu, ni kurukaruka kwa jibu. Kimemsawazisha. Kimemfuta kama kinavyofuta kelele."

Nje jenereta ya bomba iliunguruma.

Rweikiza hakuwa mtu mbaya, na msomaji asimchukie. Alikuwa na watu wanane kwenye kioo, wanapumua mbele ya macho yake, na mvuke ulikuwa unawaendea. Wa tisa alikuwa neno la mdomo. "Nikichelewa kwa ajili ya mmoja nisiyemwona, nitapoteza wanane ninaowaona," alisema. "Mafundi wanaunganisha bomba sasa. Wakimaliza, namimina. Mpaka hapo, nionyeshe mtu."

Sekela aliketi. Akavuta kibodi, akaanza.

Kwanza aliondoa kitulizo kabisa, ili Kamanda aone. Kioo kilichafuka. Mlima wote ukajaa nukta za manjano, maelfu, zikichemka kama maharage, nyingine ziko angani juu ya mlima.

"Hao ni nani?" Kamanda aliuliza.

"Hakuna mtu hapo. Ni mvua. Bila kitulizo kila tone linakuwa mtu." Akaendelea kuandika huku anazungumza, akizungumza zaidi na nafsi yake. "Hatuwezi kukaa bila kitulizo. Lakini tunaweza kubadilisha adhabu. Badala ya kuadhibu jibu linalorukaruka, naadhibu wingi wa nukta. Tumia nukta chache uwezavyo, ila pa kuziweka ni hiari yako. Nukta iliyo peke yake ilipe sawa na iliyo kundini."

"Na hiyo haidanganyi?"

"Inaweza. Ndiyo maana naogopa."

Alikiita kitulizo cha nukta hapohapo, kwa kukosa jina lingine. Kilikuwa na kipimo kimoja cha kuchagua, uzito wa adhabu. Ukiwa mdogo, mlima ulichemka. Ukiwa mkubwa, kioo kilibaki cheusi na wote tisa walitoweka. Sekela alisogeza kipimo polepole. Umati ulipungua, ukawa mamia, ukawa makumi. Ule mwanga wa ukumbi, uliokuwa kama kiini cha yai lililopasuka, ulianza kugawanyika. Nukta moja ikajitenga na nyingine. Zikawa nane, kila moja ikidunda kwa mwendo wake.

Na kule tawini, karibu na mwisho wake, kulikuwa na nukta ya tisa. Ilikuwa hafifu mno, na ilidunda kwa kusitasita.

"Inaweza kuwa kelele," Hesabu ilisema.

"Najua," alijibu Sekela, na kwa mara ya kwanza alitamani kuipiga teke. Alisogeza kipimo mbele, akarudisha nyuma. Nukta nyingine za uongo zilirukia huku na kule, hazikuwa na makazi. Ile ya tawini haikuhama. Akavigawa visikizi makundi mawili, vya mashariki mwa mlima na vya magharibi, ili kila kundi litafute jibu lake bila kulisikia lingine. Mvua inayodondoka upande mmoja haijui inavyodondoka upande wa pili.

Picha mbili zilitokea bega kwa bega. Katika zote mbili kulikuwa na nukta nane ukumbini, na moja tawini, mahali palepale, ikisitasita pamoja.

"Makisio yanabadilishwa," ilisema Hesabu. "Tawini kuna mtu mmoja. Mapigo yake yanapungua."

Sekela alifunika uso kwa viganja. Furaha na hofu vilimjia pamoja, na hakuweza kuvitenganisha. Alikuwa ameweza. Alikuwa amemwona mtu ambaye mashine yake ilikwisha kumzika.

"Zimeni jenereta!" Kamanda alinguruma. Kisha akainama mezani. "Haya. Fuko hawezi kufika tawini kabla ya mvuke. Nani atamtoa?"

"Wenzake. Wao ndio walio karibu."

Fuko wa chuma alikuwa na kipaza sauti kilichosukuma maneno kupitia mwamba. Hakikuweza kusikia, kilisema tu. Kamanda alichukua maikrofoni na kusema polepole, neno moja moja, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mvuke unakuja kupitia tawi. Tawi litazibwa. Tawini kuna mwenzenu mmoja, amezidiwa. Mwenye uwezo akamtoe sasa hivi, na akirudi pigeni bomba mara tatu.

Akaurudia ujumbe. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kutazama.

Kwa muda nukta nane hazikusogea. Kisha zote zikaenda mbio, mapigo yao yakapanda pamoja, na Sekela akajua kwamba ujumbe umefika. Chini kule walikuwa wanabishana. Nukta moja ikatoka. Ilikwenda polepole sana, ikisimama na kuendelea, ikashika ukuta wa kushoto wa tawi bila kuuacha.

"Mbona anatambaa hivyo?" Kamanda alinong'ona. "Wana taa za kichwani. Kwa nini hakimbii?"

Wekundu wa mvuke ulikuwa umeanza kuingia tawini kutoka upande wa pili. Nukta iliyokwenda na nukta iliyongoja zilikaribiana, na wekundu ulizikaribia zote mbili. Sekela alijikuta ameshika mkono wa Kamanda, na Kamanda hakuutoa.

Nukta mbili zikawa mahali pamoja. Zikakaa hapo muda mrefu kuliko moyo wa mtu unavyoweza kuvumilia. Wekundu ukazigusa.

"Toka," alisema Sekela. "Toka, toka, baba yangu, toka."

Zilitoka. Zilitembea kwa mapigo mawili na hatua za mtu mmoja, ukuta uleule, sasa ukiwa kulia, polepole vilevile, na mvuke nyuma yao. Zilipoingia ukumbini nukta saba zilizobaki zilizirukia. Halafu kwenye visikizi vyote vya mlima ikasikika wazi, chuma juu ya chuma, mara tatu.

"Mimina!"

Jenereta ikawashwa tena, na povusaruji ikaenda chini ikiunguruma. Tawi likageuka jeupe kwenye kioo, wekundu ukagonga weupe na kusimama. Haukupita. Muda si mrefu fuko wa chuma akatoboa ukuta wa ukumbi, na hema likashangilia mpaka turubai likatikisika. Kamanda Rweikiza alicheza. Watu wake waliapa baadaye kwamba hawajawahi kumwona akicheza, hata kwenye harusi yake.

Walitolewa mmoja mmoja ndani ya kikapu cha fuko, weusi kwa tope, wanafumba macho kwa mwanga wa mchana. Kila aliyetoka alipokewa kwa vigelegele na blanketi. Tumpe alitolewa amelala kwenye machela, kinyago cha hewa usoni, na Lwitiko alikimbia pembeni yake amemshika vidole na kulia bila kujali nani anamtazama. Tabibu alisema moshi wa mawe, hewa ya sumu itokayo miambani, ulikuwa umemlaza. Amewahiwa, alisema. Ataishi.

Wenzake walieleza. Ukumbi ulipobaki mahali pekee salama, Tumpe alisema yeye atakaa tawini. Waligonga bomba, akajibu kwa kugonga. Aliponyamaza walidhani amelala. Fuko alipoongea, kijana mmoja mwenye nguvu alisimama aende, lakini mzee Ambilikile Mwakibinga, baba yake Lwitiko, alimsukuma akae. Ni wa nyumba yangu, alisema.

Mzee huyo ndiye aliyetolewa mwisho, kwa kukataa kutoka kabla ya wengine. Sekela alisogea karibu machela yake ilipowekwa chini, akaona kitu asichokielewa. Mzee alikuwa amefungwa macho kwa shati lake mwenyewe, limezungushwa mara mbili na kukazwa kisogoni. Mgongo na mikono yake ilikuwa imeungua, ngozi imevimba na kubabuka. Alikuwa amembeba mkwe wake mbele, kifuani, ili mvuke umpate yeye.

"Nani alimfunga macho?" Sekela aliuliza.

"Alijifunga mwenyewe kabla hajaingia tawini," alijibu kijana yule. "Tulimwambia avue, amegoma. Anasema mpaka mkwe apelekwe."

Tabibu aliinama kwenye mikono ile, akaigeuza taratibu, kisha akamtazama Sekela na kutikisa kichwa. Vidole havingeshika tena spana. Labda wala kijiko. Ule mwendo wa kutambaa, wa kupapasa ukuta wenye moto, ndio uliovila.

Sekela alipiga magoti kwenye matope. Alijaribu kuhesabu mzee angefika na kurudi mapema kiasi gani kama angefungua macho. Ilikuwa hesabu nyepesi, isiyohitaji mashine, na aliiacha njiani kwa sababu haikuwa yake kuihesabu. Machela ya Tumpe ilikuwa inapandishwa kwenye gari la hewa. Chini ya kinyago, binti yule alikuwa ameugeuzia uso upande wa pili.

"Baba," Sekela alisema, "ameshaondoka. Unaweza kufungua."

"Anapumua?"

"Anapumua vizuri."

Mzee aliachia pumzi ndefu. Sekela alimfungulia shati, maana mwenyewe asingeweza. Macho yalikuwa mazima, mekundu kidogo, na yalimtazama kwa udadisi.

"Wewe ndiye mwenye ile mashine? Wanasema wewe ndiye uliyemwona kule ndani."

"Ndiyo, baba. Nilimwona."

Mzee Ambilikile aliinua kidevu. Alikuwa na maumivu makali na alikuwa na furaha, na vyote viwili vilionekana usoni pake waziwazi.

"Mimi nimembeba njia nzima," alisema. "Sijamwona."